Bado Kinafaa

Wino mwekundu nautumia mara moja kwa mwaka,
Juni, kabla vitabu havijafungwa,
na siku yoyote kitu kinapokufa.

Mimi Bikombo Shaame, mtunza ghala,
hospitalini Wete, mlango wa nyuma, penye tangi la maji.
Kila kilichoingia hapa nimekipa namba kwa rangi nyeupe:
feni mgongoni, mizani ya watoto ubavuni,
vitanda chini ya godoro, mgonjwa asije akajihisi
naye ni mali ya serikali.
Hata ngazi. Hata saa ya ukutani
iliyosimama saa nne kasorobo, sijui ya lini.

Suweid alikuja na boti kutoka Unguja,
kompyuta mapajani, akanichorea duara:
kupanga, kununua, kutumia, kutunza, kufuta,
kisha mshale, unarudi kwenye kupanga.
"Kila kitu kina umri wake, Bi Bikombo.
Kompyuta minne. Jenereta kumi na tano. Jengo hamsini."

Hamsini! Nilicheka.
Jengo hili la boriti na chokaa
lilikuwapo bibi yangu hajaota meno.
Limeanza kuugua mwaka ule tu
lilipovishwa sementi kwa haraka ya mgeni rasmi:
chokaa hupumua, sementi huziba pua,
chumvi ikatafuta pa kutokea, ikatokea wodini.

Na friji la chanjo, nikamwambia,
kwa duara lako lilikufa mwanangu yuko darasa la tatu.
Mwanangu sasa ana mtoto.
Hamadi fundi kalitia mpira wa baiskeli mlangoni,
nami kila Juni naandika: *bado kinafaa*.
Nilijivunia maneno hayo. Nikiyavuta kama tasbihi.

Jumapili moja ya masika umeme ukakatika, ukarudi.
Friji halikurudi.
Lilinyamaza kwa adabu, taa yake ya kijani inawaka.
Jumatatu nesi Mchanga akagusa chupa kwa nyuma ya mkono
kama anavyogusa paji la mtoto.
Dozi mia na arubaini.

Kina mama walikuwa kwenye benchi tangu alfajiri,
wengine wamevuka kutoka Fundo.
Nilitoka mwenyewe kuwaambia. Sikumtuma mtu.
Mmoja akauliza, wala hana hasira:
"Kwani hamkujua kama limezeeka?"

Nilijua. Nilikuwa na tarehe.
Nilikuwa na safu nzima ya tarehe.

Ukutani mwa chumba cha jenereta
Hamadi kaandika kwa chaki, zamani, kwa ajili ya wanagenzi wake:

*Mafuta ukipunguza, nguvu zitakukimbia,*
*Nati usipoikaza, usiku itakulia,*
*Zamu ukiipuuza, zamu itakurudia,*
*Chombo hakifi kwa siku, hufa ukikiachia.*

Miaka yote nikipita hapo nikiusifu mwandiko.

Juni hii nilimpigia Suweid: nitumie lile duara.
Nimelibandika juu ya meza, nikaongeza safu
ambayo yeye hakuwa nayo:
*kikikataa, nani ataumia?*
Feni: hakuna, jasho tu.
Kompyuta ya mapokezi: foleni, na matusi kidogo.
Friji:
hapo kalamu ilikaa muda.
Sasa nafuta kwa safu hiyo,
si kwa kutu, wala kwa mapenzi.

Jipya limefika. Nimelipa namba,
na chini ya namba mwaka wa kuondoka kwake,
kwa wino mwekundu, lingali ndani ya nailoni.
"Unalitilia uchuro," kasema Hamadi.
Nikamwambia, namtilia mtu mwingine, asije akacheka kama mimi.

La zamani liko uani kwake, anawekea spana.
Mlango, kwa ule mpira wa baiskeli,
bado unafunga vizuri.
Hilo sijaliandika popote.