Pindo la Aproni

Dakika tano, dada Kadenyi, alisema mchungaji,
kisha tutoe sadaka.
Ushuhuda mfupi, wa kutia moyo.

Nikasimama mbele ya kanisa letu la Mudete,
mvua ya saa nne ikikwaruza mabati,
harufu ya majani chai ikipanda kutoka kiwandani,
na macho yangu, kwa mazoea,
yakitafuta mahali pa kupiga deki.

Nilidhani nitaanza na uwanja wa ndege.
Nikaanza na jina.

Kule hawakuniita Kadenyi.
Siku ya kwanza Madamu alinitupia aproni nyeupe,
akanyosha kidole jikoni, akasema: Sara.
Stakabadhi zangu zikaingia drooni, simu ikafuata,
ufunguo ukaning'inia shingoni mwake kama kidani cha harusi.
Nikadhani Sara ni msichana aliyenitangulia.
Nikamwombea kila usiku, huyo Sara,
nimelala sakafuni kati ya friji na ndoo:
Nyasaye, popote alipo, mpe godoro.

Walichukua kila kitu chenye jina langu.
Nyasaye hawakumchukua,
maana hawakujua kuwa hilo ni neno.
Walidhani nakohoa.

Msinipigie makofi bado.
Kuna miezi sikuomba.
Lugha yetu ina pasi mbili:
moja ilifungiwa drooni,
nyingine ilitua hapa, juu ya kiwiko, ikiwa ya moto.
Usiku huo nilimtukana Mungu kwa Kilogoli safi
hadi matusi yakaniishia.
Sikuwa na mwingine wa kumtukana.
Akabaki palepale.
Hapo ndipo nilipomjua.

Mwezi wa tisa pindo la aproni likafumuka.
Nikaazima sindano kwenye kikapu cha Madamu,
nikalikunjua nipate kulishona.
Ndani, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe,
mishono midogo kama mayai ya chawa:
Nangila, Kimilili.
Akumu.
Khalayi, na tarehe iliyokatika katikati.

Sara hakuwa mtu.
Sara ilikuwa aproni.

Nikajishona wa nne.
Mnaponiuliza njiani, kwa upole,
Mungu alikuwa wapi siku zote hizo,
sina jibu refu.
Alikuwa kwenye pindo.

Alhamisi moja, mwezi wa kumi na tisa, nilitoka na taka.
Lango lilikuwa wazi, lori linanguruma.
Nikauweka mfuko chini taratibu
kama anayelaza mtoto,
nikatembea.
Sikukimbia. Anayekimbia huulizwa.

Ndiyo hii.
Nikaitandaza juu ya meza ya sadaka.

Benchi la pili, Shemasi Lugalia alikuwa amefumba macho
kama anayeomba.
Ndivyo alivyoniombea safari,
mkono mmoja kichwani pangu,
wa pili ukipokea pesa za ng'ombe wa mama.
Magotini mwake bahasha ya kaki,
na ubavuni mwake Mideva wa kwa Kisia,
nywele zimesukwa jana,
ameshapimwa damu Kisumu, ameshapigwa picha.

Mideva, nikasema, njoo uijaribu.
Mimi na wewe tuko saizi moja.

Hakuja.
Aliitazama aproni, akaitazama bahasha,
akasogea kwenye benchi
kiasi cha upana wa mtu mmoja.

Mchungaji akatazama saa.
Mwenye kikapu akasita mlangoni.
Nami nikaligeuza pindo
nikasoma majina, moja moja,
bila kupaza sauti, kama mtu anayeita watoto kula.

Nyuma kabisa, wanakoketi wageni,
mama mwenye kitambaa cha njano alisimama,
mvua bado ikimdondoka mabegani.

Hilo la kwanza, akasema.
Soma tena.