Kabari

Gari jipya linapumua mara moja, kisha linajifunga.
Hakuna wenzo wa kuvuta. Pale ulipokuwa
pana kitufe kidogo kama kifungo cha shati,
na baba anakitazama kama mtu aliyepewa kijiko
aambiwe: chimba kisima.

"Breki iko wapi?"
"Imo ndani, baba. Inajivuta yenyewe."
"Kinachojivuta chenyewe
hujiachia chenyewe."
Sikuwa na jibu.

Miaka thelathini na mmoja Torleiv Aspenes, baba yangu,
aliteremka na madini ya chuma kutoka mpakani hadi Narvik,
mabehewa hamsini na mawili yakimsukuma mgongoni,
bahari ikimngoja chini, mdomo wazi.
Breki aliijua kwa sikio.
Treni ikisimama, alipita kandokando na nyundo,
anagonga gurudumu, anasikiliza, anagonga jingine,
na lenye ufa lilijitaja lenyewe.
Hadi leo mkono wake wa kulia
hulala umekunjwa nusu, kana kwamba wenzo bado umo.

Na wakati wa baridi, kanuni ya mji mzima:
usivute breki ya mkono usiku.
Maji huganda ndani ya waya, na asubuhi
gurudumu halitaki habari zako.
Weka gia. Geuza tairi zitazame ukingo wa barabara.
Kisha kabari.
Yake ni ya mti wa betula, aliichonga mwenyewe,
imekuwa nyeusi kwa grisi, na pembeni
ina alama za meno ya mbwa aliyekufa kabla sijaolewa.

Kjellaug wa duka la samaki aliidharau kabari
mwaka ule wa themanini na tatu.
Gari lake la mizigo liliteremka peke yake, bila haraka,
likapita kanisa, likapita benki,
likaingia dirishani mwake mwenyewe
kama mteja aliyechelewa.
Mji ulicheka hadi Pasaka.
Baba alikwenda kuupima mteremko kwa hatua.

Februari hii, Jumanne, theluji ya kukwaruza uso.
Yeye anaendesha, mimi nimekaa kando.
Langoni petu akasimama, akafungua mkanda,
akafungua mlango, akashuka kulisukuma lango
kama alivyoshuka mara elfu kumi.
Gari la umeme halingurumi.
Herufi ya kwenda mbele ilikuwa bado inawaka,
na baba yuko mbele ya bampa,
ametupa mgongo.

Chini yetu, nyuma, kila upande:
krrrik. Krrrik.
Mota mbili, hakuna iliyozidi ngumi yangu,
zimekibana chuma.
Kiti kilihisi uzito ukiondoka.
Mkanda ulisema. Mlango ulisema.
Mashahidi watatu, na hukumu imekwisha kupita
mkono wangu haujafika popote.

Alisikia. Huyu ni mtu aliyesikia ufa ndani ya chuma.
Akasimama, kiganja juu ya lango,
hakugeuka upesi.
Theluji ikamjaa mabegani.

Aliporudi hakusema amesahau.
Alisema, "Ya kushoto inachelewa kidogo."

Tukanywa supu. Hatukuzungumza juu ya funguo,
wala jiko aliloliacha likiwaka Alhamisi,
wala jina la mama, alilolitafuta juzi
akipapasa kama mtafuta miwani gizani.
Kiti cha gari kilijua kabla yangu.
Au nami nilijua,
ila sina mota ya kubana.

Saa tano usiku nikamwona kwa dirisha,
taa kichwani, amepiga magoti thelujini,
anaweka kabari.
Anaigonga kwa kisigino mara mbili.
Anasikiliza.

Asubuhi usukani niliushika mimi.
Niliing'oa kabari kwenye barafu, nzito, imelowa,
nikaiweka kwenye kiti cha kando.
Gari likaanza kulia:
abiria hajafunga mkanda.
Nikaifunga mkanda.