Mashine Iliyodhani ni Mwaka Elfu Mbili

Umeme umerudi saa nne usiku, hapa Mapendo,
na mashine niliyoinunua Birere kwa mtu asiyetoa risiti
inaamka, inaniambia leo ni tarehe mosi Januari,
mwaka elfu mbili.

Kibetri cha saa yake kimekufa. Najua.
Kingine, cha duara kama kifungo cha koti, sijakipata.
Nimeivua Windows iliyokuwa ikikohoa,
nikaivika Linux kutoka flashi ya Ombeni, mtoto wa dada,
aliyeapa: "Mjomba, hii haina virusi, haina deni kwa mtu."
Hakuniambia kwamba haioni.

Maana mtandao haiuoni.
Simu yangu inauona. Simu ya Mama Nzigire, ng'ambo ya ukuta,
inauona zaidi, kwa kuwa ruta ni yake, imekaa juu ya kabati,
mgongoni imeegeshewa kifuniko cha sufuria
ili mawimbi yadunde yaje kwetu.
Tunachanga kila mwezi: yeye dola kumi na tano, mimi kumi,
kwa kuwa mimi, anasema, napokea makombo.

Naandika amri kwenye uwanja mweusi wa skrini.
Inanijibu kwa adabu: kadi ipo, kiendeshi hakipo.
Kiendeshi kiko wapi? Kwenye mtandao.
Haya, nipeleke kwenye mtandao. Kiendeshi hakipo.
Ni mlinzi anayekueleza kwamba ufunguo wa geti
umefungiwa ndani ya geti,
na bado anakuita bosi.

"Waya, mjomba," Ombeni anapiga miayo. "Ule wa kuchajia."
Nikaifunga simu kwenye mashine kama mbuzi kwenye kigingi.
Megabaiti thelathini za vocha yangu zikavuka ule uzi,
moja moja, nikizihesabu kama anayetoa damu.
Nikaizima, nikaiwasha. Ghafla, orodha. Mtaa mzima umejiandika:
FAMILIA BYAMUNGU JUU.
USIULIZE NYWILA.
SALUNI AIMÉRANCE.
YESU ANAKUONA.
Na chini kabisa, kwa kijistari kimoja cha nguvu: NZIGIRE.

Nywila ina herufi kumi na nne. Nikakosea. Nikakosea tena.
Nikapaza sauti juu ya ukuta: "Mama Nzigire! Ile K ni kubwa?"
"Zote kubwa!"
Na sasa Familia Byamungu nao wanajua.

Inazunguka. Inakatika. Inazunguka.
Ni ukuta. Mawe haya meusi tuliyavunja wenyewe kwa nyundo
baada ya mlima kushuka mjini na kupita chumbani kwa mama.
Hatukuwa na kingine;
tukajengea kile kilichotubomolea.
Jiwe hili humzuia mwizi, huzuia risasi,
sasa linazuia na hewa.
Nikaibeba mashine hadi jikoni, nikaiweka juu ya gunia la makala,
pale tulipoacha tundu la maji ya mvua.

Hapo ikashika.

Sikufungua barua. Nilikuwa naitazama pembe ya skrini, ile saa.
Kwa hesabu yake ukuta huu haujajengwa.
Jiwe hili bado ni uji mwekundu tumboni mwa mlima,
na mama, kwenye chumba chenye dirisha la bluu,
anagombana na bawaba.
Nilitaka kuigusa ile tarehe. Nilitaka kuiambia, ngoja kidogo.
Lakini mashine ilikwisha kuuliza huko mbali ni saa ngapi,
ikajibiwa,
ikaruka.
Miaka yote kwa kupepesa kumoja,
bila kulowa, bila kuungua,
wala haikuuliza sisi tulipita wapi.

Nikabaki nimekaa kwenye ndoo, kiganja juu ya jiwe. Baridi tupu.
Upande wa pili likagongwa.
"Umepata?"
Nimepata, mama.
"Basi kesho ulete ile kumi."