Mshika Antena

Kasubi aliileta kwa baiskeli,
imeviringishwa blanketi kama mgonjwa apelekwaye Sikonge,
ila hii ilikuwa inatoka Sikonge, inaingia porini:
televisheni ya chogo, inchi kumi na nne,
na betri ya gari la marehemu mjomba wake.
Tukamcheka. Wiki tatu za kurina asali,
watu wanabeba unga, michembe, madebe, kamba,
yeye kabeba dirisha.

Ago letu lilikuwa mbele ya Ipole,
mahali ambapo simu ni tochi tu.
Tukaiweka juu ya kichuguu, tukaipangusa vumbi,
ikawaka, ikatuonyesha nyuki.
Nyuki weupe, nyuki weusi, elfu kwa elfu,
wanavuma bila mzinga.
Lugendo akasema, "Hawa tunawajua. Zima."

Ving'amuzi vilikuwa havijafika miaka ile,
mawimbi yalikuwa bado yanatembea kwa miguu,
yakichoka yanakaa chini ya mti wowote.
Tulijaribu mninga. Tulijaribu mtundu.
Tulipandisha waya mpaka kwenye tawi la mwisho:
nyuki walewale.
Lakini nilipoushika mimi, mkono wa kushoto,
mguu mmoja juu ya mzizi,
sauti ya kike ikatoka safi kama sahani,
ikatusalimu, ikasema ni saa mbili.
"Hapohapo!" wakapiga kelele. "Mihayo, usitikisike!"

Nami nilikuwa upande wa chogo.

Hivyo ndivyo nilivyotazama televisheni siku kumi na saba.
Bunge liliingia na kutoka kwenye miwani ya Kasubi.
Goli niliona meno yao kwanza,
ndipo mtangazaji akapasua koo.
Masikio yangu yalikula, macho yakafunga.
Usiku mmoja tulibadilishana, Kapela akashika waya,
nikakimbia mbele, nikachuchumaa:
nyuki.
"Rudi," wakasema, na hawakusema kwa ubaya.

Wala sikuwa nimesahau ahadi.
Nyamizi aliniambia mlangoni, ananifungia kibuyu,
"Huko hakuna mtandao. Basi saa mbili kamili
mimi nitakuwa kwa mama Kabula,
nitamtazama yule dada wa habari.
Nawe mtazame.
Macho yetu yatakutana kwake."
Kwa hiyo nilisimama. Baridi ya mwezi wa sita
ilinipanda kutoka kwenye mzizi hadi kwenye nyonga,
siafu wakakata njia juu ya kifundo cha mguu wangu
kama wafanyabiashara waliokwishalipa ushuru,
sikutikisika.
Nilijua anaonekana. Nilimwona
akiteleza, buluu, juu ya shavu la Lugendo.

Kulikuwa na usiku ambao sauti ilikatika
picha ikabaki. Nilitaka kusogeza mkono,
Kasubi akanyanyua kiganja: acha.
Hakuna aliyetafuna. Lugendo akavua kofia,
akaiweka gotini, na Kapela, ambaye hanyamazi hata usingizini,
alinyamaza.
Nikauliza, "Kuna nini?"
"Kesho," Kasubi akasema.
Kesho mzinga wa kwanza ulikuwa umeliwa na nyegere,
tukawa na ghadhabu nyingine.

Betri ikafa siku tatu kabla ya kurudi.
Picha ilinywea, ikawa punje ya mtama, ikazimika.
Mikono yangu haikuamini; ilibaki juu
mpaka Lugendo alipokuja kuishusha mwenyewe,
mmoja mmoja, kama anayeteremsha mizinga.

Nyumbani Nyamizi alikata sega, akalitia kinywani.
"Ulikuwa unamwona?"
"Kila siku."
Akatema nta kiganjani, akaifinyanga.
"Jumatano ile, alivaa nini?"

Kilemba, nilitaka kusema. Kijani, nilitaka kusema,
mwongo wa mtu mwenye asali ana nafasi.
Lakini mkono wa kushoto ukaanza kuniuma,
nikaiona ile kofia juu ya goti.
"Nyeusi," nikasema.

Aliniangalia.
Akanimegea kipande kikubwa zaidi.