Dai la Kwanza

Kazi yangu ni kulifuata jua kwa kidole,
si angani, kwenye faili.
Ofisi iko South C, dirisha linatazamana na ukuta;
jua lenyewe hunijia saa nane na robo,
hukaa dakika kumi na moja juu ya mashine ya kudurufu,
kisha hujiendea bila kutia sahihi.

Hataza haina haya. Hufungua kinywa na kusema: Nadai.
Nadai kipande cha silikoni, chembamba,
kilichotiwa uchafu kidogo, kwa makusudi,
ili mwanga ukigonga, kitu ndani kikurupuke.
Hiyo ni ya miaka ya hamsini. Asilimia sita.
Mia zimeanguka, sita zimedakwa.
Nageuza.
Uso umepakwa utando usirudishe mwanga,
unameremeta buluu kama shingo ya kanga.
Nageuza.
Mgongo nao umezibwa, chaji zisivuje.
Kumi na tano. Ishirini. Ishirini na kitu,
na kila nukta ya desimali ina wakili wake.

Kila ombi hutaja waliotangulia,
kama mgeni ajitajaye ukoo mlangoni
kabla ya kuvutiwa kiti;
kisha hukohoa: lakini mimi...

Jumanne nilifungua la Musyimi Kiilu,
fundi wa redieta, Barabara ya Kirinyaga.
Paneli inayopozwa kwa maji ya mvua kutoka mfereji wa paa,
maana sola nayo, ikichomwa mno, hulegea.
Mchoro wa kalamu ya wino. Rula yake ilikuwa na pengo:
kila mstari unaruka palepale,
sentimita ya saba.

Nilitafuta siku mbili. Nikaandika:
Si jipya. Rejea Japani, miaka ya tisini.

Akajibu kwa mkono:
"Bi. Kerubo, Japani sijafika.
Nilifika kwetu Masii, mvua ikanyesha mchana,
nikaona bati linafuka mvuke,
na redio ya mama, iliyokuwa ikikwamakwama,
jua liliporudi ikapaza sauti."

Fomu yetu haina kisanduku cha redio ya mama.
Sheria haiulizi ulijulia wapi,
inauliza nani alitangulia.
Nikagonga muhuri. Wino ulikuwa umekauka,
ikabidi nigonge mara mbili.

Leo limeingia ombi jingine, kurasa tisini,
kampuni yenye mawakili katika miji mitatu:
paneli, maji, mfereji.
Kwenye safu ya waliotangulia
nimeandika Japani,
halafu chini yake, herufi kwa herufi:
Kiilu, M., Nairobi. Tazama mchoro wa pili.

Watalazimika kumtaja.
Mmoja wao, huko aliko, atainamia karatasi
na kuuliza kwa nini mistari inaruka.