Kisichoniita

Singano kavitandaza juu ya kioo
kama ninavyomtandazia mteja vifungo vya koti.
"Hiki, mama, kinabeba nyimbo elfu nne."
Elfu nne!
Mimi ninazozijua kwa moyo ni kumi na saba,
na katika hizo mbili nasahau ubeti wa kati.

Barabara ya Nane, Ngamiani, saa nne asubuhi.
Baiskeli zinapita mlangoni zikigonga kengele,
feni ya duka inageuza shingo kama mwenye deni.
Nimeziacha sare ishirini na sita za shule
zikisubiri mifuko,
nimekuja na elfu thelathini
nimezikunja ndani ya karatasi ya kukatia kola.

"Si usikilizie simu?"
Simu ina watu ndani, Singano.
Naweka wimbo, ubeti wa kwanza haujatua
mara Mwalimu Kihiyo anaulizia sare,
mara shemeji wa Muheza ana mgonjwa,
mara bando limekwisha.
Nataka kitu kisichojua jina langu.
Kitu kisichoniita.

Akanipa chembamba, kioo kitupu.
Nikakiuliza kwa gumba: kitufe kiko wapi?
Hakina. Ni kupapasa tu, na lazima utazame.
Nami macho yangu yana kazi,
sindano haimsubiri mtu amalize kuchagua.
Mwaka juzi ilipita kwenye ukucha huu, uone,
kwa ajili ya ujumbe wa "umeamkaje".

Kingine kina kibanio, unakibana kwenye kanga.
Chekundu, kizuri, mtoto wa mjini.
Nikafumba macho, nikabonyeza.
Mbele, nyuma, sauti, vyote umbo moja,
kama mapacha ukimwita mmoja wanaitika wote.
Nilitaka kupunguza, kikapiga kelele.

Singano akacheka:
"Mama, unanunua au unaposa?"
Anayeposa, nikamwambia, huonyeshwa sebuleni tu.
Mimi hiki nitakaa nacho mpaka jikoni.

Ndipo akavuta droo,
chaja zimenyongana humo, betri zimevimba,
akatoa kilichokuwa cha mtu.
Cheusi, pembeni kimechubuka hadi bati,
kitufe cha katikati kimebonyea
pale gumba la mwenyewe lilipozoea.
Langu likatua humo kama kidole ndani ya kastabini.
Hata kwenye giza totoro ningekiendesha.

"Betri yake saa sita, haizidi," akasema, kwa haki.
Saa sita ni sare tisa.
Zinanitosha.

Akachomeka waya, tukagawana, sikio moja moja.
Nyimbo kumi na moja za watu wasio rika langu.
Ya kumi na mbili si wimbo.
Mtu anakohoa. Kiti kinaburutwa.
Sauti ya kiume, polepole:
"Kushoto ni kwenda mbele. Kulia ni kurudi.
Hapa katikati ni kunyamaza. Umeelewa, bibi?"
Na mwanamke, mbali kidogo:
"Nimeelewa. Kizime basi, chai inapoa."

Singano alishashika kipanya
afute vyote aniwekee vyangu.
Nikamzuia mkono.
Futa hizo kumi na moja. Hiyo iache.
"Ya nini, mama? Watu wenyewe huwajui."
Sikumjibu. Nikahesabu ishirini na mbili,
akadai ishirini na tano,
tukakutana kwenye ishirini na tatu na soda moja.

Sasa sikio la kushoto lina kumi na saba zangu,
la kulia ni la wabisha hodi.
Zikimalizika, kabla hazijaanza upya,
mtu anakohoa, kiti kinaburutwa,
nami natoa mguu kwenye pedeli.
Bado nakosea, naenda mbele nikitaka kurudi.
Kushoto ni kwenda mbele, ananikumbusha,
na yule bibi ananiwahi kujibu.
Chai yangu nayo, mara nyingi, imeshapoa.