Mlio wa Ndani

Tangazo lilipofika
sufuria nafunika;
simu ikatetemeka
juu ya kinu, jikoni.

«Twatafuta watafiti
wachunguze katikati
ya mtu na ya roboti:
kuna nini, na kwa nini?

«Mashine ikiamua
bila kutuulizia,
lini kuitegemea
na lini kutoamini.»

Nikacheka, nikanuna:
mbona swali naliona
tangu utoto, kwa jina
la korona, kiwandani?

Si korona ya mafua,
ni chuma cha kuparua
jani, nyama kuitoa,
singa ziende juani.

Baba yangu, Semkiwa,
ndiye aliyepangiwa
kulisha majani, sawa
na wenzake wa Ngomeni.

Chuma hakikumjua.
Siku moja, kuna mvua,
mkono ukaingia:
vidole viwili chini.

Alipopona, karudi;
akawa na ukaidi
wa kuisikiza, hadi
mlio wake wa ndani.

Ikiimba kwa uzito
hulisha, kama mtoto;
ikitoa mvukuto
hujibanza ukutani.

Alijifunza yeye tu;
chuma hakijui mtu,
kwake kidole ni kitu
kama jani la shambani.

Mwaka huu wameleta
mashine ya kujivuta;
mkonge inaukata
peke yake, mistarini.

Wakata mkonge, kando,
wanaitazama mwendo;
wauliza, kwa mafundo,
nani bosi, nani duni.

Juzi ilijisitia
mbele ya Fundi Zakia;
taa tu yamulikia,
wasijue ina nini.

Imemwona? Imechoka?
Au chaji imetoka?
Saa nzima wazunguka
hadi jua utosini.

Nikakaa huko huko,
wali ukawa ukoko,
nikaandika tamko
la kuomba, kwa makini:

«Sitaki ya kutukuka,
mashine isiyochoka;
naitaka yenye shaka,
iulize: ‘Huyu nani?’

«Isite, na inijuze:
‘Hapa sijui, nifunze.’
Nami nisiipuuze
kwa kiburi cha rubani.»

Usaili, kwa video:
watu watatu, na vyeo;
mmoja, kama wa ndweo,
akaniuliza: «Lini

imani huwa takwimu,
na si neno la utamu?»
Nikamjibu: «Ni zamu,
kupokezana lindoni.

«‘Lala, mie niko macho.’
‘Amka, pana kificho,
sioni vyema kilicho
nyuma yake, kichakani.’»

Umeme ukakatika!
Kioo kikafutika,
watoto wakapayuka:
giza kote Ngamiani.

Nikashika barabara
ya saba, natweta; mara
ikarejea ishara
simuni, pale sokoni.

Yule wa ndweo kasema:
«Tuliona umezima;
hatukujua salama
ama umetuhaini.»

Nikacheka: «Hayo ndiyo!
Mbovu siyo izimayo;
ni ile inyamazayo
bila kutaja kwa nini.»

Baba nilimsomea
ombi; aliposikia
«shahada ya kuzamia»,
kauliza: «He! Melini?»

«Hapana, baba, kusoma.»
«Kusoma?» «Ndio; kupima
chuma kilivyo na wema
kwa aliyekiamini.»

Akainua kiganja,
vitatu akavikunja;
akasema, akionja
chai yake, kwa utani:

«Ukifika, waulize,
mashine waisomeze
vipi, hata isikize
mtu, mlio wa ndani.»

Jibu bado halijaja.
Ninapika, ninangoja;
swali la baba ni moja
lililobaki kichwani;

nimelichora kwa wino
kwenye kiganja, mkono
wa kushoto, na ni neno
halitoki kwa sabuni.